Si angefunga tu dirisha? Uchambuzi wa kisa cha Danieli na amri ya siku 30

Kwa nini nimekichukua kisa hiki

Kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia kuna dada mmoja, jina lake na mji naviacha na kazi yenyewe sitaisema, alikuja siku moja uso umemshuka. Yeye ni Msabato. Kazini wamepanga upya shifti, kaangukia Jumamosi, na mkubwa wake kamwambia hataki kusikia habari za dini pale. Basi tukafungua Danieli 6, kisa cha Danieli kutupwa katika tundu la simba kwa sababu aliendelea kusali wakati amri ya mfalme imekataza, maana ndo mahali karibu kila mtu anapokimbilia akibanwa kwa ajili ya imani, tukasoma kwa zamu, na tulipofika mstari wa 10, pale Danieli anapoingia nyumbani kwake na madirisha yako wazi, dada akatukatisha: "Sasa si angefunga tu dirisha?"

Hakuna aliyejibu. Mimi ndo nilikuwa naongoza siku hiyo na sikuwa na jibu la kumpa, nilikuwa na majibu ya utotoni tu, yale ya picha ya simba wamelala kama mbuzi na kijana katikati yao anatabasamu. Nimekaa na swali lake wiki kadhaa, nimeisoma sura ile tena na tena, na nimeona nikiandike kisa chote hatua kwa hatua, nani aliamua nini, kwa nini, na kikaishaje. Ya dada nitayarudia mwishoni.

Mazingira ya kisa

Danieli alichukuliwa mateka kutoka Yerusalemu akiwa kijana, enzi za mfalme Yehoyakimu, karibu mwaka 605 KK. Babeli ikaja kuanguka mikononi mwa Koreshi mfalme wa Uajemi mwaka 539 KK, na kisa cha simba kimewekwa baada ya hapo. Piga hesabu mwenyewe, yule kijana wa kwenye picha ni mzee wa miaka 80 na kitu. Mimi hilo peke yake lilinibadilishia kila kitu, kwa sababu huyu sio mtoto anayejaribiwa kwa mara ya kwanza, ni mtumishi wa serikali wa siku nyingi, miaka zaidi ya 60 ikulu ya watu, ameona wafalme wakija na wakienda na yeye bado yupo.

Na kwenye miaka hiyo alikubali mengi. Hapa huwa tunapita haraka mno. Ukirudi sura ya 1 utaona alikubali kubadilishwa jina akaitwa Belteshaza, na sura ya 4 Nebukadreza, mfalme wa Babeli, anasema wazi kwamba jina hilo linatokana na jina la mungu wake. Alikubali kukaa darasani miaka 3 kusoma elimu na lugha ya Wakaldayo. Alikubali ajira. Alichokataa ni chakula cha mezani kwa mfalme na divai yake, na hata hicho hakukigomea, alikwenda kumwomba mkuu wa matowashi, na alipoona yule mkuu anaogopea kichwa chake akashuka kwa msimamizi wa chini akampa pendekezo: tujaribu siku 10, tupe mboga na maji, halafu tuangalie nyuso zetu ndo uamue. Lishike hilo la mezani, nitalihitaji huko mbele.

Sasa mfalme Dario anaingia. Anapanga serikali, maliwali 120, yaani watawala wa majimbo, katika ufalme wote, na juu yao wakubwa watatu ambao maliwali wanapeleka hesabu kwao ili mfalme asipate hasara. Danieli ni mmoja wa hao watatu, na mfalme ana mpango wa kumpandisha awe juu ya wote. Mi naona kabla hili halijawa jambo la dini lilikuwa jambo la hesabu na vyeo. Una watu 120 wanaokusanya mali ya mfalme, na mmoja wa wanaowakagua ni mtu ambaye maandiko yanasema hakuonekana na kosa wala uzembe, na huyo huyo ndo anakaribia kuwa bosi wa kila mtu, tena mgeni.

Kidogo kuhusu maandishi yenyewe. Kwenye Biblia ya Kiebrania kitabu cha Danieli hakikai na Manabii, kinakaa kwenye kundi la Maandiko pamoja na Esta na Ezra, na kuanzia katikati ya 2:4 mpaka mwisho wa sura ya 7 hakikuandikwa kwa Kiebrania, ni Kiaramu, lugha iliyokuwa ikitumika ofisini na sokoni katika falme zile. Dario Mmedi kwa jina hilo hajapatikana kwenye kumbukumbu za Babeli wala za Waajemi, na wasomi wengi wanaona kitabu kilifikia umbo lake la mwisho kati ya mwaka 167 na 164 KK, wakati mfalme Antioko Epifane alipokuwa anawaua Wayahudi kwa kushika dini yao. Wengine wanashikilia ni cha Danieli mwenyewe, karne ya 6. Mabishano hayo ni marefu na sio kazi yangu hapa, ila kuna kitu kimoja pande zote hazikipingi: enzi za Antioko watu walikuwa wanaambiana habari za Danieli na simba ili wapate nguvu. Kwenye Wamakabayo wa Kwanza, kitabu kinachosimulia uasi wa Wayahudi dhidi ya Antioko, Matathia aliyeuanzisha uasi huo akiwa anakaribia kufa anawakumbusha wanawe Danieli aliyeokolewa kinywani mwa simba. Kwa hiyo watu waliokishika kisa hiki walikuwa na amri kama ile mlangoni kwao.

Mambo yalivyokwenda

Wenzake walianza kumchunguza kazini. Hawakupata kitu. Wakaambiana kwamba huyu hatutampata kwa lolote ila kwa sheria ya Mungu wake. Simama hapo kidogo uone, yaani walijua. Ratiba yake ya sala ilikuwa inajulikana mpaka mtu anaweza kuitegea mtego na akawa na hakika mtego utanasa, na hao ni maadui zake.

Wakaenda kwa mfalme kwa pamoja. Kitenzi cha Kiaramu kilichotumika pale kina picha ya kundi linalokuja kwa kishindo, na kimerudiwa mara tatu kwenye sura hii, wanakuja kwa mfalme hivyo, wanamvamia Danieli hivyo, wanarudi kwa mfalme hivyo. Walichomwambia mfalme ni kwamba wakubwa wote, na manaibu, na maliwali, na washauri, wote tumekubaliana. Uongo mtupu, wakubwa ni watatu na mmoja wao hakushirikishwa. Mfalme alikuwa na watu watatu tu wa ngazi hiyo na hakuuliza wa tatu yuko wapi.

Amri ikawa hivi: kwa siku 30, yeyote atakayemwomba mungu au mtu jambo lolote isipokuwa wewe mfalme, atupwe katika tundu la simba. Haikumtaja Danieli. Haikuwataja Wayahudi. Ikatiwa sahihi, na ikishatiwa sahihi kwa sheria ya Wamedi na Waajemi haibadiliki.

Danieli alipojua imeshasainiwa akaenda nyumbani. Chumba cha juu, madirisha yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali na kumshukuru Mungu wake kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Wale wakavamia wakamkuta anaomba na kusihi.

Wakarudi ikulu, na hawakuanza na jina lake. Kwanza wakamwuliza mfalme, je, hukuiweka sahihi amri ile? Mfalme akasema neno hilo ni kweli. Alipokwisha kukiri ndo wakalitoa jina, na angalia walivyolitoa: Danieli, yule wa wale waliohamishwa kutoka Yuda, hakujali wewe mfalme. Sio "mwenzetu," sio "mkubwa Danieli." Miaka zaidi ya 60 ya kazi, amekagua hesabu zao, amezeekea pale, na siku wanayotaka kummaliza wanamrudisha kuwa mateka. Mtu yeyote aliyeishi ugenini muda mrefu anajua neno la namna hiyo linavyoingia.

Mfalme akahangaika kumwokoa mpaka jua linatua. Akashindwa. Danieli akatupwa, jiwe likaletwa likawekwa juu ya mdomo wa tundu, mfalme akalitia muhuri kwa pete yake na wakuu wakatia mihuri yao, ili jambo la Danieli lisibadilishwe. Mfalme akarudi kwake, hakula, hakutaka burudani, usingizi ukamkimbia. Alfajiri akaenda mbio mpaka pale tunduni akaita kwa sauti ya huzuni.

Maamuzi aliyokuwa nayo Danieli, na kwa nini akachagua alichochagua

Tulipokaa tena na kikundi tuliandika ubaoni kila kitu ambacho angeweza kufanya. Angeweza kuacha kusali siku 30 halafu akaendelea, Mungu ni mwenye rehema. Angeweza kusali moyoni akiwa njiani, akiwa ofisini, hakuna askari anayekagua moyo. Angeweza kumwahi mfalme, maana alikuwa na njia ya kumfikia ambayo raia wa kawaida hana, akamwambia wamekudanganya, mimi sikuwepo kwenye hicho kikao. Angeweza kukimbia. Angeweza kusimama uwanjani akatangaza kwamba amri hii siitambui. Na angeweza kufunga dirisha, kama alivyosema dada, asali vile vile mara tatu vile vile, ila kimya.

La kufunga dirisha ndo gumu kuliko yote, kwa sababu huwezi kulikataa kwa aya. Hakuna mahali kwenye Torati ya Musa panaposema sali mara tatu kwa siku, wala panaposema dirisha liwe wazi. Zaburi ya 55 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri, ni mtu anaeleza anavyolia kwa Mungu, sio sheria. Kuelekea Yerusalemu kunatoka kwenye sala ya Sulemani siku ya kuweka wakfu hekalu, 1 Wafalme 8, anapoomba kwamba watu wakija kuchukuliwa mateka na huko waliko wakasali wakielekea nchi yao na mji huu na nyumba hii, basi usikie. Danieli alikuwa mateka yule yule Sulemani aliyemwombea karne nyingi kabla. Ila nyumba yenyewe haikuwepo tena! Wababeli waliichoma, karibu mwaka 586 KK. Kwa hiyo yule mzee kila siku mara tatu alikuwa anapiga magoti kuelekea magofu, kwa miaka karibu 50, na hakuna hata jiwe la hekalu analoliona kutoka Babeli.

Sasa kwa nini lisifungwe? Nimelifikiria hili sana na jibu langu ni kwamba amri ndo iliyoligeuza lile dirisha. Juzi yake angelifunga kwa sababu ya vumbi au jua kali na hakuna mtu angesema kitu. Baada ya sahihi ya mfalme, dirisha likawa swali, na kila anayepita chini anajua kuna swali: je, kwa hizi siku 30 kuna aliye juu ya Dario au hakuna? Kulifunga lingekuwa jibu. Angesali ndani, ndiyo, Mungu angemsikia, ndiyo, lakini wote waliojua kwamba pale husaliwa wangeona kwamba mzee amekubali. Na kulikuwa na Wayahudi wengine Babeli, tusisahau.

Na vile vile hakulifungua zaidi. Hilo nalipenda sana. Hakuongeza sala ya nne, hakupaza sauti, hakutoka barazani. Maneno ya mstari ule yanakazia kwamba alifanya kama alivyokuwa akifanya. Kuna watu wakisikia kuna amri ndo wanaanza kusali hadharani, wanatafuta simba. Huyu hakumtafuta simba. Ni wale maofisa ndo waliochukua jambo lililokuwepo miaka yote na kulifanya kosa la jinai mchana mmoja. Marabi baadaye walilichukua dirisha hili kwa uzito kabisa, kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, imo kauli kwamba mtu asisali ila katika nyumba yenye madirisha, na ushahidi wanaoutoa ni mstari huu huu.

Kitu kingine nilikuwa sijakiona miaka yote: Danieli haongei. Soma sura ya 6 uangalie nani ananukuliwa. Maofisa wanaongea, mfalme anaongea, Danieli hasemi hata neno moja la kunukuliwa mpaka yuko chini tunduni asubuhi. Hajitetei, halaumu, hamfichui mtu. Tunaambiwa tu alishukuru, na mstari unaofuata tunaambiwa alikuwa akisihi. Kwa hiyo alikuwa anaomba jambo. Mi naamini aliogopa, na kusihi kule kulikuwa kwa mtu anayejua vizuri kabisa tundu liko wapi kwa sababu ameishi mji ule karibu maisha yake yote.

Matokeo

Anayajua kila mtu. Malaika akafumba vinywa vya simba, Danieli akatolewa bila jeraha, na andiko linatoa sababu kwamba alimtumaini Mungu wake. Maneno yake ya kwanza yalikuwa salamu ya kawaida ya ikulu, Ee mfalme, uishi milele, kwa sauti ile ile ya heshima, halafu akasema kwamba hakuonekana na hatia mbele za Mungu na mbele ya mfalme pia hakufanya baya. Dario akatoa amri nyingine kwamba watu wamche Mungu wa Danieli. Danieli akaendelea vizuri enzi za Dario na enzi za Koreshi.

Na mfalme akaagiza wale waliomshitaki waletwe, wao na watoto wao na wake zao, wakatupwa, na kabla hawajafika chini ya tundu simba wakawashika. Huwa tunausoma mstari huu wa 24 mbio mbio, au tunauruka tukifundisha watoto. Mimi siwezi kuuruka tena. Wale watoto hawakusaini kitu. Danieli hakuomba wauawe, hatuambiwi alisema nini, ila ni ufalme ule ule na tundu lile lile na mfalme yule yule ambaye asubuhi hiyo tu alikuwa analia pale mdomoni mwa tundu, na jua halijapanda vizuri anatupa watoto humo. Moyo wa mfalme ulikuwa umeguswa lakini mashine ya serikali haikuguswa.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichofanya kazi kwanza ni mazoea. Siku amri inatoka Danieli hakuwa na uamuzi mpya wa kufanya, alikuwa na saa ya sala imefika. Mtu aliyesali mara tatu kwa siku miaka yote hiyo, mwili wake wenyewe unajua njia ya kupanda chumba cha juu. Angekuwa mtu wa kusali akibanwa tu, siku ile angeanza kupima faida na hasara, na siku ya hofu hesabu hizo zote zinaangukia upande wa kufunga dirisha.

Pili ni usafi wake kazini. Kama wangempata na hesabu mbovu hata moja tusingekuwa na kisa cha imani, tungekuwa na kisa cha wizi, na mfalme asingekesha. Wapo ndugu ambao wanabanwa kazini na wanasema ni kwa ajili ya dini, na ukiuliza taratibu unakuta wanachelewa kila siku. Nasema hili kwa upendo. Wale maofisa walilazimika kutengeneza sheria mpya kwa sababu sheria zilizokuwepo hazikumnasa.

Tatu ni ile meza ya sura ya 1. Aliyekataa kufunga dirisha ni yule yule aliyejua kuomba, kusubiri, kupendekeza siku 10. Hakuligeuza kila jambo kuwa dirisha. Jina walimbadilisha na akaitika, lakini chakula akakizungumzia, na sala ndo hakuizungumza na mtu.

Upande wa pili sasa. Urafiki wa mfalme ulishindwa kabisa, na hii ni sehemu ya kisa ambayo waliozoea kutegemea mkubwa fulani inabidi waitazame. Dario alimpenda. Alihangaika mpaka jua linatua. Lakini alikuwa ameshajifunga kwa sahihi yake mwenyewe. Kwenye kitabu cha Esta kuna sheria ile ile isiyobadilika, na pale walipata njia, hawakuifuta barua ya Hamani ya kuwaangamiza Wayahudi, waliandika barua nyingine kuwaruhusu Wayahudi wajitetee, ikapelekwa majimbo 127 toka Bara Hindi mpaka Kushi. Lakini malkia Esta na Mordekai aliyemlea walikuwa na miezi, Dario alikuwa na alasiri moja.

Halafu kuna kosa letu sisi wasomaji, na hili ndo linaniuma zaidi. Tunafundisha kisa hiki kana kwamba ukiacha dirisha wazi simba watafumbwa vinywa. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Sura ya 3, Shadraka, Meshaki na Abednego wanamwambia Nebukadreza Mungu wetu anaweza kutuokoa, halafu wanaongeza, hata kama si hivyo, hatutaisujudia sanamu. Na sura ya 11:33, mle mle kwenye Danieli, imeandikwa kwamba wenye hekima kati ya watu wataanguka kwa upanga na kwa moto, kwa kufungwa na kwa kutekwa. Wenye hekima, sio waasi. Mwaka 167 KK ndo ilivyokuwa. Wamakabayo wa Kwanza inasimulia akina mama waliotahiri watoto wao wakauawa, na vichanga vikatundikwa shingoni mwao. Inasimulia watu kama 1,000 waliokimbilia maficho ya nyikani, wakashambuliwa siku ya Sabato, wakakataa kupigana ili wasiivunje, wakafa pale na wake zao na watoto wao na mifugo. Hakuna malaika anayetajwa. Na waliobaki ndo hao waliokuwa wanakumbushana Danieli! Hawakumkumbuka kama dhamana ya kupona, maana walikuwa wamezika ndugu zao wiki hiyo hiyo. Walimkumbuka kwa alichofanya kabla ya tundu.

Ndo maana nimechoka na mahubiri yanayoanzia kwa simba. Kisa kiliisha pale dirishani. Kama simba wangemla, mstari wa 10 usingebadilika hata herufi.

Na bado siwezi kumhukumu kila aliyefunga dirisha, kwa sababu maandiko yale yale ya Kiebrania yana watu wengine. Esta alificha kabila lake na jamaa yake kwa maagizo ya Mordekai, ndani ya ikulu, miaka kadhaa, mpaka siku ilipobidi aseme. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu mfalme wa Israeli, na Yezebeli mke wa Ahabu alipokuwa anawaua manabii aliwaficha manabii 100, hamsini hamsini pangoni, akiwalisha mkate na maji. Fikiria huyo mtu akienda kazini asubuhi kwa Ahabu, anasalimia, anakaa kimya, na huku anahesabu mikate ya watu 100. Angefanya kama Danieli hao wote wangekufa. Na Naamani Mshami, baada ya kupona ukoma, anamwambia nabii Elisha kwamba bwana wake akiingia nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, humwegemea mkononi na yeye hulazimika kuinama naye, BWANA anisamehe kwa hilo, na Elisha anamjibu, enenda kwa amani. Basi. Hakuna hotuba.

Kwa hiyo swali la dada lilikuwa halali. Kwenye maandiko kuna waliojificha na Mungu akawa nao. Ninachokiona tofauti kwa Danieli ni kwamba yeye dirisha lake lilikuwa linajulikana tayari, hakuwa na cha kuficha ila kwa kukana, na kimya chake kisingemwokoa mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Kimya cha Obadia kiliokoa watu 100.

Tulivyorudi kwa dada yetu

Nilimpelekea haya yote, kwa kirefu mno pengine, na alichofanya yeye ni kuniuliza kitu kifupi: "Hii yangu ni dirisha au ni meza?" Tukakaa nayo. Ikaonekana kwamba hajawahi kumwomba mkubwa wake kitu chochote cha kueleweka, alikwenda akiwa na hasira, akasema Jumamosi siji, yule naye akakasirika, wakaachana hapo. Hakukuwa na siku 10. Hakukuwa na pendekezo. Na hakuna amri iliyosema asisali, kulikuwa na ratiba mbaya na mtu asiyetaka kusikia.

Basi akaandika barua. Aliiandika mara tatu, ya kwanza ilikuwa na aya za Biblia 6 akazitoa zote. Kwenye ile ya mwisho amesema atachukua Jumapili zote na sikukuu zote ambazo wenzake hawazitaki, wajaribu wiki 4, halafu mkubwa apime kazi imeharibika au haikuharibika. Akaipeleka Jumatatu. Nilimwuliza akikataliwa je, akasema basi nitakuwa nimejua ni lipi kati ya yale mawili.

Mpaka Ijumaa jioni alikuwa hajajibiwa. Jumamosi asubuhi nilimkuta ibadani kakaa mahali pake pa siku zote, benchi la tatu karibu na mlango, simu kaizima na kuifungia kwenye mkoba, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo wakati wa wimbo wa kwanza.